Ulianza na F, sasa unataka UCLA: kuhama kutoka chuo cha jamii California

Wazazi wangu, shikamooni. Kaka na dada, habari za jioni.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: nimeanza vibaya chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, je, bado naweza kuhamia chuo kikuu kinachochagua sana? Jibu ni ndiyo, ila inategemea umefeli kozi gani na umeifanyia nini baada ya kufeli. Mwenye F moja ya hisabati na mwenye C sita hawako mahali pamoja, na mara nyingi mwenye F ndiye mwenye nafuu. Nitaonyesha kwa hesabu.

Nazungumzia California peke yake, maana kanuni hizi ni za jimbo. Mlio Texas au Minnesota, msibebe tarakimu zangu mkaenda nazo kwenu.

California ina vyuo vya jamii 116. University of California, tuiite UC, ina kampasi tisa zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza. Anayehama anatakiwa awe na yuniti 60 za muhula (yuniti ni kipimo cha uzito wa kozi) zinazokubalika UC, na kozi saba za lazima: mbili za uandishi wa Kiingereza, moja ya hisabati, nne kutoka sanaa, sayansi ya jamii au sayansi asilia, zikigusa angalau makundi mawili kati ya hayo. Kila moja iwe C au zaidi. GPA, yaani wastani wa alama zako, ya chini kabisa ni 2.4 kwa mkazi wa jimbo na 2.8 kwa asiye mkazi. Msidanganywe na 2.4. Hiyo inakuruhusu kuomba tu. UCLA na Berkeley, kampasi za UC zinazochagua sana, wengi wanaopokelewa wamevuka 3.5.

Sasa hesabu. Chukua karatasi. Mwanafunzi amemaliza muhula wa kwanza hivi: Kiingereza yuniti 3, C. Historia yuniti 3, B. Baiolojia yuniti 4, D. Hisabati yuniti 4, F. A ni pointi 4, B 3, C 2, D 1, F sifuri, na kila moja unazidisha kwa yuniti zake. Unapata 6, 9, 4 na 0: jumla 19. Gawanya kwa yuniti 14, ni 1.36. Hapo ndipo watu wanapolia na kuacha chuo.

Wengi hukimbilia kujaza kozi mpya nyepesi ili A zifunike aibu. Tazama gharama yake. Akirudia hisabati akapata A, na baiolojia akapata B, UC inaacha kuhesabu zile za kwanza na inachukua za marudio. Pointi zinakuwa 6, 9, 12 na 16, yaani 43 kwa 14: GPA 3.07. Amefanya yuniti 8 tu. Akitaka kufika 3.07 hiyo hiyo bila kurudia, anahitaji yuniti 26 za A tupu, karibu mwaka mzima, na D na F bado zipo palepale zikimsubiri, maana hisabati ni ya lazima.

Waliosoma vyuo vya nyumbani wamezoea sapu: unafeli, unarudi kufanya mtihani wa marudio, mambo yanaendelea. Huku hakuna sapu. Kozi inarudiwa nzima, muhula mzima, ada juu. Na kwa kawaida una nafasi tatu kwa kozi moja katika chuo kimoja. W, ile alama ya kuacha kozi katikati, inahesabiwa kama nafasi iliyotumika. Aliyefeli mara moja na kuacha mara moja amebakiwa na moja.

Mtego uko kwenye C. UC hairuhusu kurudia kozi uliyopata C ili upandishe GPA. C ni ya kudumu. Kwa hiyo anayeona kalkulasi yake inaelekea C, na anaomba uhandisi au sayansi ya kompyuta, akae na mshauri wa masomo kabla tarehe ya mwisho ya W haijapita. Tarehe hiyo haiwezi kuvuka asilimia 75 ya muhula, na kila chuo kina kalenda yake. W moja yenye sababu haimwangushi mtu. W tano mfululizo zinaanza kusimulia habari nyingine.

Ila W ina bei mahali pengine, na hapa wazazi mnisikilize. Msaada wa fedha wa serikali una masharti ya maendeleo: kwa kawaida GPA 2.0, na uwe umemaliza kama asilimia 67 ya yuniti ulizoanza. W ni yuniti ulizoanza na hukumaliza. Ukikatiwa msaada unaweza kukata rufaa, na rufaa inayofaulu ina mambo mawili: ushahidi wa kilichotokea, kama karatasi za hospitali, na mpango wa masomo uliopitiwa na mshauri. Barua ya huruma bila karatasi haifiki mbali. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, ana jambo la ziada: akishuka chini ya yuniti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, anaharibu hadhi yake ya uhamiaji.

Kama mwaka mzima uliharibika na fani umeshabadilisha, iko njia nyingine. Chuo cha jamii kinaweza kukubali kutohesabu D na F za zamani, hadi kikomo cha yuniti ambacho chuo chenyewe kimeweka, ukishathibitisha kwa alama mpya kwamba umebadilika. Alama zinabaki kwenye nakala yako, ile rekodi rasmi ya matokeo, lakini haziingii kwenye GPA. Ombi unalipeleka wewe, hakuna atakayekufanyia. Usilitumie kwa kozi ambayo fani yako mpya inaihitaji. Hiyo rudia.

Kozi zipi zinahitajika? Usiulize rafiki. Fungua tovuti ya assist.org, chagua chuo chako, kampasi unayotaka na fani, utaona kozi kwa kozi. Fani za sayansi huangusha watu kwa sababu kozi zimefungana: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na fizikia inangoja kalkulasi. Ukifeli ya kwanza, mlolongo wote unasogea muhula mmoja, na pengine kuhama kunasogea mwaka. Afadhali usogee. Kuomba ukiwa na mapengo kwenye kozi za fani ndiko kunakowakatisha wenye GPA nzuri.

Fomu ya UC inapelekwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi mwisho wa Novemba hivi. Utajibu maswali manne, kila moja maneno yasiyozidi 350, na moja la lazima linauliza umejiandaa vipi kwa fani yako. Usimwage habari za F humo. Iko nafasi ya maelezo ya ziada: andika sentensi nne au tano, nini kilitokea, lini kilikwisha, umefanya nini tangu hapo.

Kuna anayetaka kukificha chuo cha kwanza alichofeli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. UC inataka kila chuo ulichosoma, hata kama ni cha Nairobi au Dar es Salaam, na alama ziandikwe kama zilivyo kwenye nakala, bila kuzigeuza kuwa za Kimarekani. Kikigundulika baadaye, nafasi inafutwa hata kama umeshaanza masomo. Matokeo ya kidato cha nne au KCSE, kwa anayehama, si msingi wa kuchaguliwa UC. USC (University of Southern California), ambayo ni ya binafsi, yenyewe huomba pia nakala ya sekondari.

Mwenye GPA ya katikati asiache mkataba wa kuhakikishiwa nafasi, unaoitwa TAG. Unaombwa Septemba, kwa kampasi moja tu kati ya sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Masharti hutofautiana kwa kampasi na fani. UCLA, Berkeley na San Diego hazimo, lakini TAG haikuzuii kuziomba hizo pia.

Januari unajaza alama za muhula uliokwisha kwenye fomu ile ile. Ukipokelewa, soma masharti. Alama za muhula wa mwisho zinaangaliwa, na D moja inatosha kuhatarisha nafasi. Ukiona kozi inaharibika Aprili, waandikie ofisi ya udahili Aprili hiyo hiyo, kabla nakala haijafika Julai.