Vienna: Konseti ya makofi na nyundo ya Mahler

Haya familia, mambo? Nipo nje ya Musikverein, Vienna, ndiyo tumetoka sasa hivi, mnivumilie na huu upepo. Ndani sikurekodi. Muziki ukianza simu inakaa mfukoni, ukiitoa utakatwa jicho hilo!

Huu ndio ule ukumbi wa dhahabu mnaouona kwenye TV kila Mwaka Mpya, ulifunguliwa 1870. Mimi nilikata tiketi ya kusimama, kule nyuma, bei ya chee.

Walianza na mtunzi Webern, Vipande Sita vya Okestra. Cha nne ni cha msiba: ngoma kubwa na upatu vinanguruma chini kabisa, hata hujui kama kimeanza, halafu kinapanda, kinapanda, mwishoni unatamani kuziba masikio. Mama yake Webern alikuwa amefariki 1906.

Sasa sikieni kisa. Tarehe 31 Machi 1913, humu humu, mtunzi mwenzake Schoenberg ndiye aliyeongoza vipande hivi vilipopigwa mara ya kwanza. Watu wakacheka, wengine wakazomea. Kufika kwenye nyimbo za mtunzi mwingine, Alban Berg, makofi, na si ya kupongeza! Polisi wakaingia, konseti ikavunjika. Mwishoni mwa ratiba kulikuwa na nyimbo za Mahler, hazikupigwa kabisa. Mambo yakafika mahakamani, na inasimuliwa kwamba shahidi mmoja, naye mtunzi, alisema kofi ndilo lililolia vizuri kuliko vyote usiku ule.

Leo? Kimya. Hata kikohozi kinasubiri kipande kiishe. Kwenye taarabu ungeshainuka kutunza. Hapa unaimeza raha yako. Mimi nawaheshimu wale wa 1913, walisikiliza mpaka wakapandwa na mori.

Baada ya mapumziko, Simfonia ya Sita ya Mahler, yaani utunzi mrefu wa okestra nzima, ya 1906, kama dakika 80 hivi. Miguu yangu jamani! Ila sehemu ya mwisho kuna nyundo. Nyundo kweli, ya mbao, kubwa. Jamaa anasimama taratibu, anainyanyua juu ya kichwa, anaishusha kwenye sanduku: DUU! Mlio mzito, mkavu, nikausikia kwenye nyayo. Mahler aliandika mapigo matatu, baadaye akafuta la tatu.

Na muziki ukishafifia, usidhani umeisha. Okestra nzima inalipuka ghafla, mara moja. Bibi wa mbele yangu aliruka!

Mkija, fikeni mapema mpate nafasi kwenye reli ya kuegemea. Viatu vya kisigino viacheni nyumbani.