Merikebu za Zheng He na jeshi la 1406: je, China ilikuwa beberu?

Ndugu wasikilizaji, hoja inayosikika sana katika pwani yetu ni hii: merikebu za Zheng He, amiri wa majini wa China, zilifika huku miaka themanini hivi kabla ya Vasco da Gama, Malindi ikapeleka twiga China mwaka 1415, na Wachina hawakujenga ngome wala kuweka gavana. Basi China haijapata kuwa beberu.

Mambo ya pwani ni kweli. Hitimisho ndilo halisimami. Mfalme Yongle wa China aliyetuma safari ya kwanza ya Zheng He mwaka 1405 ndiye aliyetuma jeshi kuivamia Dai Viet, yaani kaskazini mwa Vietnam ya leo, mwaka 1406.

Kisingizio kilikuwa kuurudisha ukoo wa kifalme wa Trần, ulionyang'anywa kiti na Hồ Quý Ly mwaka 1400. Mwaka 1407 Hồ Quý Ly na wanawe walikamatwa, wakapelekwa Nanjing, mji mkuu wa China wakati huo. Kama shabaha ilikuwa hiyo, vita ingeishia hapo. Badala yake nchi ikageuzwa jimbo la China, Jiaozhi. Maafisa wakaletwa kutoka kaskazini, biashara ya chumvi ikashikwa na serikali, machimbo ya dhahabu na fedha yakawekewa wasimamizi, na mafundi wakahamishiwa China. Mmoja wa waliochukuliwa, towashi Nguyễn An, alikuja kusimamia sehemu kubwa ya ujenzi wa Beijing.

Watawala walishika ngome za miji. Vijiji na milima viliwaponyoka. Mwenyeji Lê Lợi akaanzisha uasi huko Lam Sơn mwaka 1418. Mwaka 1427 jeshi la msaada kutoka China likanaswa kwenye njia nyembamba ya Chi Lăng, jenerali wake Liu Sheng akauawa, na waliobaki ngomeni wakaomba kuondoka kwa amani. Kwa sehemu kubwa ya miaka ishirini hiyo, Zheng He alikuwa akisafiri.

Kipimo changu ni rahisi: risasi zikinyamaza, au mishale, nani anatoza kodi, nani anahukumu, na mwenyeji ana njia gani ya kukataa? Kwa kipimo hicho Jiaozhi ni ubeberu mtupu.

Karne ya 18 ni nzito zaidi. Wafalme wa Qing, ukoo uliotawala China wakati huo, walipambana kwa miongo mingi na Wadzungari, Wamongolia wa nyika za kaskazini mwa Xinjiang ya leo, na tatizo kuu lilikuwa chakula: jeshi lilimaliza nafaka, likarudi nyuma baada ya miezi michache. Dawa yake ilikuwa mlolongo wa maghala kupitia Gansu, jimbo la kaskazini-magharibi mwa China, kisha mashamba ya askari huko Hami na Barkol, mashariki mwa Xinjiang. Kati ya 1755 na 1759 walishinda. Wadzungari wakaangamizwa karibu wote, kwa upanga, ndui na kukimbia. Ardhi yao ikajazwa walowezi na askari, chini ya jenerali aliyekaa katika bonde la Ili. Kwenye miji ya kusini machifu Waislamu waliachwa wakusanye kodi kwa niaba ya Qing. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mfumo huo.

Watetezi husema eneo lile liliila hazina badala ya kuijaza. Ni kweli, lilihitaji ruzuku ya fedha kutoka majimbo ya ndani. Lakini hata Berlin ililipia koloni lake la Tanganyika. Wengine husema Qing walikuwa Wamanchu, si Wachina. Sawa, ila anayerithi mipaka hawezi kuikana njia iliyoileta. Na wanaosema ubeberu huzaliwa na ubepari tu wamsome Lenin vizuri: mwenyewe alikiri ulikuwapo kabla, akaitaja Roma.

Vita vya karibuni siviweki kapu hilo kwa haraka. Tarehe 17 Februari 1979 China iliingia Vietnam, ikatwaa Cao Bằng na Lạng Sơn, ikabomoa miundombinu, na katikati ya Machi ikatoka. Huo ni uvamizi wa kuadhibu, na ulikuwa mkatili. Hakuna gavana aliyebaki. Mwaka 1962 dhidi ya India ilikuwa vita ya mpaka: upande wa mashariki majeshi yalirudi nyuma, ila Aksai Chin, eneo la magharibi lililogombaniwa, ikabaki mikononi mwa China, kwa sababu barabara ya kuunganisha Xinjiang na Tibet ilipita humo. Na Xinjiang na Tibet zote mbili ziliingia mikononi mwa Beijing kupitia majeshi ya Qing ya karne ya 18.