Mishipa ya Moyo, Vijidudu na Kinga Inayomgeuka Mwenyewe

Wanafunzi wangu wa udaktari, wauguzi, nanyi wageni wetu mliotoka Chamwino na Kongwa, karibuni Dodoma.

Ukitaja mishipa ya moyo kuziba, wengi wanawaza mafuta, chumvi na sigara. Ni sawa kabisa. Ila lehemu, yaani kolesteroli, haifanyi kazi hiyo peke yake. Ikishapenya kwenye ukuta wa ateri, kinga ya mwili inaiona ni mvamizi. Seli nyeupe zinaifuata, zinaimeza mpaka zinavimba, zinafia humo humo. Panabaki mchochota usiokwisha, yaani uvimbe wa kinga inayopigana, na utando uliofunika uchafu ule unazidi kuwa mwembamba. Siku ukichanika, damu inaganda juu yake, na kipande cha moyo kinakosa damu.

Nani anachochea mchochota huo? Mwaka 1988 watafiti wa Finland waligundua kwamba wagonjwa wengi wa moyo walikuwa na dalili kwenye damu za kuambukizwa bakteria aitwaye Chlamydia pneumoniae. Basi watu wakasema, tuwape antibayotiki! Huko Marekani wagonjwa zaidi ya 4,000 wakaingizwa kwenye utafiti. Nusu walimeza azithromaisini, hii mnayoiita azuma, kila wiki kwa mwaka mzima. Majibu yakatoka 2005: haikuwasaidia kitu. Nawasihi, asiende mtu duka la dawa kununua azuma kwa ajili ya moyo.

Influenza, yale mafua makali ya virusi, ni habari nyingine. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018 ulionyesha hatari ya shambulio la moyo ikipanda mara 6 ndani ya siku 7 tangu ugonjwa kuthibitishwa.

Kinachoniuma ni wagonjwa tunaowasahau. Mama wa miaka 38 mwenye lupasi au baridi yabisi, magonjwa ambayo kinga inaushambulia mwili wake yenyewe, anasema kifua kinambana akipandisha mlima na ndoo kichwani. Tunamwambia ni vidonda vya tumbo, anarudi nyumbani na dawa za asidi. Umri wake unatudanganya! Mchochota ule ule unaomla viungo unazeesha na mishipa yake. Apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, siku hiyo hiyo, apimwe presha, sukari na lehemu.

Na wenye VVU, hata wanaomeza dawa vizuri, wamo kwenye hatari hiyo hiyo. Mwaka 2023, utafiti wa nchi 12, Uganda ikiwamo, ulionyesha pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu, ikipunguza kwao matukio makubwa ya moyo kwa takriban asilimia 35. Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi CTC, kliniki za wenye VVU, mgonjwa wa miaka 40 na zaidi akija kuchukua dawa, asiondoke kabla hamjampima presha na kumuuliza kuhusu kifua chake.