Taa ya oili imewaka ghafla: pima presha kabla hujafungua injini

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni gereji hapa Mtwara. Leo tunashughulika na ile taa nyekundu yenye alama ya birika, inapowaka ghafla gari likiwa njiani. Gari letu ni Hilux ya dizeli ya miaka ya 90, injini ya 3L, limevutwa kwa kamba kutoka njia ya Newala. Dereva aliona taa, akasogea pembeni, akazima hapo hapo. Hongera zake, maana bila presha ya oili krenki, ile shafti kuu ya injini, inasagana na beringi zake, chuma kwa chuma, na injini yenye mzigo inanoki ndani ya dakika chache. Usijikongoje nayo hadi mjini, hata kama umebakiza kilomita mbili na una magunia ya korosho nyuma.

Tuanze na stiki ya oili. Gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa kama dakika kumi ili oili ishuke kwenye sampo, lile beseni la chini ya injini. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Hii yetu iko kwenye alama ya juu, sawa. Weusi usikutishe, oili ya dizeli huwa nyeusi mapema. Nusa. Ikinuka dizeli na kipimo kimepanda juu ya alama, dizeli inavujia ndani na imeilegeza oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo usiwashe kabisa.

Kama oili imepungua, lala chini utazame ilikopitia: filta, boliti ya kumwagia, sampo iliyogongwa na jiwe. Na muulize dereva taa iliwaka wapi. Iliyowaka kwenye kona kali, au kwenye ule mlima wa kupanda Newala kutokea Masasi, halafu ikazimika barabara iliponyooka, mara nyingi ni oili pungufu: inakimbilia upande mmoja wa sampo, pampu inanyonya hewa.

Oili ipo? Twende kwenye swichi ya oili, ile iliyofungwa kwenye injini na kuwasha taa. Sogeza kamera hapa, karibu. Unaona huu unga wa kijani kwenye kichwa cha waya? Ni kutu ya shaba. Sisi wa pwani, kuanzia Lindi mjini hadi Mikindani, hewa ya chumvi inakula waya kuliko tunavyodhani. Chomoa waya, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa izimike. Isipozimika, waya umechunika mahali na unagusa bodi. Sasa gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini: taa iwake. Kwetu imezimika na imewaka, kwa hiyo waya ni mzima.

Lakini sikilizeni vizuri: kipimo hiki kinahusu waya tu. Nimeona watu wakibadilisha swichi, wakaona wamemaliza, wakaondoka, na ndani presha haipo. Swichi nyingi huwasha taa presha ikishuka chini ya 0.3 hadi 0.5 bar, basi. Haiwezi kukwambia zaidi ya hapo.

Tunahitaji geji. Geji ya mkono ya 0 hadi 10 bar yenye mpira wake inatosha, na ukikosa, azima kwa fundi mwenzio. Fungua swichi ya oili, funga geji mahali pake. Tredi za Toyota hapa ni nchi 1/8, zimechongoka kidogo. Anza kwa vidole, zikikataa acha, geji yako ina tredi za aina nyingine na ukilazimisha utapasua tundu. Tepu nyeupe zungusha kidogo tu, iache ncha wazi, vipande vyake visiingie kwenye njia ya oili.

Washa, macho kwenye geji. Ndani ya sekunde kumi mshale usipopanda, zima. Wetu umefika 0.2 na kuganda hapo. Tumezima. Ungepanda vizuri, tungesubiri injini ipate moto, kwa sababu oili baridi ni nzito na inaficha ubovu. Kwa Toyota nyingi za umri huu, injini ikiwa ya moto, kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyaga mafuta, isipungue 0.3 bar, na kwenye mizunguko 3000 kwa dakika iwe 2.5 kwenda juu. Geji ya PSI itasoma kama 4 na 36. Presha inayoshuka taratibu mwaka hadi mwaka, nzuri asubuhi na mbovu mchana, ni beringi zilizokwisha. Iliyoanguka kwa siku moja, kama hii, ina sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo ni ndogo kuliko ovaholi, yaani kufumua injini nzima, utakayoambiwa ufanye.

Naomba tuelewane hapa. Usikubali kumwagiwa oili nzito au dawa ya chupa ili taa izimike. Taa itazimika, na ugonjwa utabaki pale pale ukiendelea kula injini.

Sasa filta. Ifungue, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye injini. Mipira miwili ikikutana, oili inaruka nje. Kisha ikate. Tumia kikata bati, usitumie msumeno, kwa sababu unga wa msumeno utauchanganya na chuma cha injini. Kunjua karatasi yake juani, pitisha sumaku. Chembe zinazong'aa ambazo sumaku haizivuti zinatoka kwenye beringi. Zikiwa na rangi ya shaba, tabaka la juu limeshakwisha. Hii yetu haina chembe. Ina nyuzi za silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia sampo.

Nikamuuliza mwenye gari: sampo ilishushwa lini? Akasema juzi juzi, ilikuwa inavuja.

Kabla ya sampo, tumekagua valvu ya kupunguzia presha. Ni kipande cha chuma na springi yake. Ikiganda wazi kwa uchafu, oili yote inarudi kwenye sampo. Ipake oili, iachie tundu lake: ishuke yenyewe kwa uzito wake. Yetu imeshuka.

Tumwage oili, tushushe sampo. Gari lenye difu ya mbele huenda likadai injini inyanyuliwe kidogo. Tazameni chujio la pampu ya oili: wavu wote umezibwa na vipande vya silikoni. Fundi alipaka nyingi, ile ya ndani ikakatika, pampu ikaivuta. Kuosha injini kwa ndani kwa dizeli nako huleta tatizo hili hili, kwa sababu tope la miaka linabanduka kwa mkupuo na kuziba wavu.

Safisha chujio, weka gasketi mpya ya bomba lake, maana hata upenyo mdogo hapo pampu itavuta hewa. Silikoni ya sampo iwe mstari mwembamba, iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Jaza oili mpya na filta mpya, chomoa waya wa kukata dizeli kwenye pampu ya dizeli ili injini isiwake, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka mshale wa geji ucheze. Rudisha waya, washa. Injini ikiwa ya moto, sailensa 0.9. Kwenye 3000, 3.6. Haigongi. Sasa ndipo tunafungua geji na kurudisha swichi, na kichwa cha waya tunakisugua mpaka shaba ionekane.