Mwongozo wa Mfumo Hauandikiwi Skrini, Unaandikiwa Mtu

Hamjambo ndugu zangu mlioko nyumbani? Leo niwaeleze kazi ninayoifanya huku. Naandika miongozo ya watumiaji wa mifumo mikubwa ya biashara, ile inayounganisha ununuzi, stoo, mishahara na uhasibu mahali pamoja. Mmojawapo mnaujua, SAP, wa kampuni iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM.

Wengi hudhani kazi yenyewe ni kueleza vitufe: skrini ina nafasi 10 za kujaza, basi eleza zote 10. Mwongozo wa hivyo haumsaidii mtu. Mtunza stoo anafungua mwongozo kwa sababu lori liko getini, oda inasema katoni 100, zimefika 90, na dereva anasubiri saini. Anataka kujua aandike ngapi, na oda aifunge au aiache wazi.

Hebu tuseme ameandika 100. Mfumo unaongeza katoni 100 kwenye hesabu ya stoo, na mara nyingi papo hapo thamani yake inaingia kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu za kampuni. Ankara ya muuzaji ikija, mfumo unalinganisha vitu vitatu: oda, hati ya kupokea mzigo na ankara yenyewe. Vikikubaliana, malipo yanapita, na kampuni imelipia katoni 10 ambazo hazipo. Mtu wa stoo haoni lolote kati ya hayo. Yeye ameona ujumbe kwamba taarifa zimehifadhiwa, basi. Mwongozo usipomwambia, ataambiwa na nani?

Kwa hiyo kwenye kila kazi naeleza ukishabonyeza kinatokea nini, nani anaipokea baada yako, na ukikosea unarekebishaje. Hili la kurekebisha ndilo huachwa sana, na linaniuma. Kwenye hesabu za mifumo hii, muamala ukishapostiwa, yaani ukishaingizwa rasmi kwenye vitabu, haufutwi. Unatenguliwa kwa kuposti mwingine wa kinyume chake, ili mkaguzi aione yote miwili. Asiyejua hilo atazunguka menyu nzima akitafuta kitufe cha kufuta.

Picha za skrini natumia chache tu. Kila kampuni hupanga skrini zake, na toleo jipya likitoka picha za zamani zinampoteza msomaji.

Kwa kijana anayetamani kazi hii: si lazima uwe mtaalamu wa kuandika programu, ila uhasibu wa msingi jifunze, tena kwa bidii. Kisha kaa na wanaoutumia mfumo. Ukimaliza rasimu, mpe mmoja wao aifuate mbele yako kwenye mfumo wa majaribio, nawe usimsaidie hata kwa neno moja. Akisita mahali, weka alama. Akirudi kusoma sentensi mara ya pili, weka alama. Kesho yake anzia kwenye alama hizo kuandika upya.