Jeni ya Panya Inayorudisha Vitamini K Kazini

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wakazi wenzangu wa Dar es Salaam,

Kila apitaye Kariakoo amesikia kipaza sauti cha muuzaji kikinadi dawa ya panya, mende na kunguni. Leo ninaomba tuitazame jeni moja ya panya, iitwayo Vkorc1, ambayo protini yake ndiyo inayolengwa na kundi moja kubwa la sumu za panya, yaani zile zinazozuia damu kuganda. Sumu ilitangulia kujulikana: warfarini, mojawapo ya kundi hilo, ilianza kutumika kuua panya mwaka 1948, ilhali jeni yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 2004, pale makundi mawili ya watafiti, moja la Ujerumani na jingine la Marekani, yalipotoa matokeo yao kwa pamoja.

Jeni hii, iliyopo kwenye kromosomu ya 1 ya panya, hubeba maelekezo ya kuunda protini ndogo yenye asidi amino 161, yaani vijenzi vinavyounganishwa kuwa protini; ya binadamu ina 163. Protini hiyo hukaa imejichomeka katika utando wa retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa vijia ndani ya seli ambamo protini zinazokwenda nje hukunjwa na kukamilishwa. Katika seli za ini kazi yake ni nzito mno, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza prothrombini na protini nyingine kadhaa za kugandisha damu.

Prothrombini inapotoka kwenye ribosomu, kiwanda cha seli cha kuunda protini, bado haijafaa kitu. Kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia, huiongezea vikundi vya kaboksili katika sehemu 10, na vikundi hivyo ndivyo vinavyoshika kalisiamu, ambayo huiwezesha prothrombini kunata juu ya chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyosaidia kuziba kidonda, mahali penye jeraha. Kwa kila kikundi kinachoongezwa, molekuli moja ya vitamini K hugeuka kuwa epoksidi, na ikiwa katika hali hiyo haiwezi kutumika tena. Mwili huweka akiba ndogo sana ya vitamini hii, kwa hiyo hali yake ni kama ya mwenye duka la Manzese na kreti zake za soda: chupa tupu zisiporudi kujazwa, biashara husimama hata kama kiwanda kina soda tele. Protini ya Vkorc1 ndiyo inayozijaza chupa hizo. Asidi amino zake mbili za aina ya sisteini, ya 132 na ya 135, hutoa elektroni zinazoirudisha epoksidi kuwa vitamini K, kisha kuipeleka hadi hali inayotumika. Warfarini huingia katika nafasi ambayo vitamini K ingekaa na kuiziba.

Ndiyo maana panya aliyekula sumu ya aina hii hafi siku hiyohiyo. Protini zilizokwisha kukamilika huendelea kuzunguka katika damu. Kwa binadamu, faktari ya VII, mojawapo ya protini hizo za kugandisha damu, hupungua kwa nusu katika saa 6 hivi, lakini prothrombini huchukua siku mbili hadi tatu. Mnyama huanza kuvuja damu ndani kwa ndani pale akiba hiyo inapokwisha, wala hana namna ya kukihusisha chakula cha juzi na maradhi ya leo.

Mwaka 1958 panya waliostahimili warfarini waligunduliwa Scotland, na baadaye katika nchi nyingine za Ulaya. Jeni ilipopatikana, ilionekana kwamba mara nyingi badiliko ni la asidi amino moja tu, hasa tairosini ya 139, ambayo kwa panya wa Wales imekuwa serini. Badiliko hilo, ambalo mimi kila nikilitafakari hunistaajabisha, huinyima warfarini mshiko, lakini lina gharama: panya hao huhitaji vitamini K zaidi katika chakula chao kuliko panya wa kawaida.

Warfarini hiyohiyo hutumiwa kama dawa na ndugu zetu waliowekewa vali bandia za moyo, kwa vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, hivyo mgonjwa hushauriwa ale mboga hizo kwa kiasi kisichobadilikabadilika.

Nimalizie na mtoto aliyekula sumu ya panya. Ikiwa ni ya kundi hili, na vipimo vikionyesha kwamba damu yake haigandi ipasavyo, hospitali humpa vitamini K nyingi hata kama hajaanza kutoka damu, kwa sababu kimeng'enya kingine ambacho warfarini haikizuii kinaweza kuipokea na kuitayarisha bila kupitia Vkorc1. Sumu za makundi mengine hazina uhusiano na jeni hii, wala vitamini K haizitibu. Kwa hiyo mtoto apelekwe mara moja, na pakiti ya sumu ibebwe pamoja naye.