Nairobi na Vijana Wetu: Kila Mmoja Apewe Siku Yake

SALIM: Wasikilizaji wetu, salaam aleikum, karibuni tena kipindini. Mimi ni Salim, na dadangu Rukia yuko hapa nami. Leo nimekuja na jambo la nyumbani kwangu. Nina binti wa miaka 16 na mvulana wa 14. Wamezaliwa Mombasa, wamekulia Mombasa, na Nairobi wanaijua kwa simu tu. Likizo hii ya Agosti mimi na mama yao tunataka kuwapeleka, siku nne. Rukia mwaka jana alikwenda na watoto wake watatu. Dada, nianzie wapi?

RUKIA: Aleikum salaam, kaka. Anza kwa kuwauliza wao. Ile orodha uliyonitumia jana, ya mahali kumi na moja, iweke kando kwanza.

SALIM: Nimeifanyia kazi wiki nzima ile!

RUKIA: Najua, nami yangu niliifanyia kazi hivyo hivyo. Siku ya kwanza niliweka mahali patano, saa kwa saa. Asubuhi makumbusho, kisha jumba la mikutano la KICC, kisha soko la vinyago, kisha mbuga, jioni kwa jamaa. Kufika alasiri tumekwama kwenye foleni ya magari, hakuna aliyetia kitu tumboni, wote wamenuna. Yule wangu wa kati, wa miaka 15, akaniambia, "Mama, hii ni safari yako. Sisi ni mizigo." Iliniuma sana, Salim, kwa sababu alisema kweli.

SALIM: Ukamjibuje?

RUKIA: Pale sikumjibu. Usiku nikawaketisha wote kitandani, nikawaambia: zimebaki siku tatu, nanyi mko watatu. Kila mmoja achukue siku yake. Mimi nitalipa na nitafuata. Sharti ni kwamba mwenye siku atuambie tutafikaje, tutakula wapi, na itagharimu shilingi ngapi. Nikampa kila mmoja bahasha ya shilingi 5,000 na nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda kidogo.

SALIM: Ngoja, tutafika huko. Niambie kwanza usafiri. Mama yao anataka basi.

RUKIA: Treni, tena ya mchana. Ile ya saa 2 asubuhi inayosimama vituoni, Mariakani, Voi, Mtito Andei, inachukua muda zaidi kuliko ile ya haraka, lakini inawapitisha mbuga ya Tsavo mchana kweupe. Ya usiku utalipia kiti utazame giza. Watoto wa pwani hawa, wengi hawajapata kuona kwamba kati ya hapa na Nairobi kuna nchi nzima ya ndovu, wamejigaragaza kwenye udongo hadi wamekuwa wekundu. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa kichwa tangu Januari 2024. Nusu nauli mwisho wake ni miaka 11, kwa hiyo wako wote wawili wanalipa kamili. Nyinyi wanne ni 6,000 kwenda na 6,000 kurudi. Kata tikiti mapema, maana Agosti viti vinaisha. Na stesheni ya Miritini fikeni saa nzima kabla. Kuna ukaguzi pale: mabegi mnayapanga chini kwa mstari, mnarudi nyuma, mbwa wa polisi anapita akinusa moja moja. Ukifika mwisho mwisho utaiona treni ikiondoka.

SALIM: Na malazi? Mke wangu ana shangazi yake South C. Tumeshakubaliana kufikia kwake.

RUKIA: Nendeni mkamsalimu, mpelekeeni halua na achari, mkale kwake siku moja. Lakini mfuko ukiruhusu, laleni kwengine. Ukifikia kwa shangazi, asubuhi utaandaliwa mahamri na mbaazi, utaambiwa subiri kuna binamu anakuja kuwaona, ukitazama saa, ni saa sita. Naye hana kosa, amepata wageni wake.

SALIM: Akisikia tumepanga nyumba atanuna mwaka mzima.

RUKIA: Basi mke wako ampigie kabla hamjafunga safari. Kinachouma ni kusikia kwa watu. Na mkipanga nyumba, ulizeni maji moto. Sisi picha zilionyesha kila kitu. Kufika, bomba la moto halitoi hata tone, na mwenyewe hashiki simu. Salim, Agosti! Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Binti yangu mdogo aliogea maji ya birika siku nne. Mtakeni mwenye nyumba awaonyeshe bomba linatoka, kwa video. Na sweta ni lazima, na viatu vya kufunika vidole.

SALIM: Haya, sasa hizo siku tatu. Mimi wasiwasi wangu ni huu: ukimwachia kijana wa miaka 14 siku, si atasema anataka kulala na simu?

RUKIA: Nami niliogopa hivyo. Mdogo, wa miaka 13, alichukua siku ya kwanza, akasema ndovu. Akanionyesha kwamba kile kituo cha Sheldrick cha ndovu mayatima hufungua kwa wageni saa moja tu, saa 5 hadi saa 6 mchana, na lazima uweke nafasi mapema. Bahati yetu tulipata nafasi. Wewe weka nafasi kabla hujakata hata tikiti. Na kwa kuwa tuko upande ule wa Lang'ata, akatuunganishia na twiga alasiri, maana ni jirani. Mimi mtu mzima sikuwa nimefikiria hilo! Nilikuwa nawavusha mji mzima mara mbili kwa siku.

SALIM: Huko kwa ndovu kuna nini hasa?

RUKIA: Ndama wanakuja mbio kwa mstari, masikio yamekunjuka, kila mmoja anamjua mlezi wake. Chupa ya maziwa ni kubwa kama dumu. Anaifyonza, ikiisha anaing'ang'ania chupa tupu kwa mkonga. Walezi wanaeleza huyu ameokolewa wapi, mama yake alipatwa na nini. Usiku mlezi analala zizini pamoja na yule mdogo, kwa sababu ndama wa ndovu hawezi upweke. Binti yangu alisikia hilo akanishika mkono. Ana miaka 13, hanishiki mkono hadharani tena, lakini siku ile alinishika.

SALIM: Mashallah.

RUKIA: Na wakikua wanapelekwa Tsavo, wanajiunga na ndovu wa porini. Hao hao majirani zetu wa Voi.

SALIM: Na yule aliyesema ni mizigo?

RUKIA: Huyo ndiye aliyenifunza. Nilidhani atataka matatu na maduka. Akasema, "Nataka kurudi makumbusho." Nikamwambia si tumeshakwenda? Akasema, "Ulinitoa kabla sijamaliza." Nilikuwa nimewapa dakika arubaini, Salim, kwa sababu ratiba ilisema KICC.

SALIM: Alikuwa anaangalia nini?

RUKIA: Yule mvulana wa Turkana. Mifupa ya kijana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Aliigundua Mkenya mwenzetu, Kamoya Kimeu, mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Karibu mwili mzima. Wataalamu wanakadiria alikufa akiwa na miaka kati ya 8 na 12, na tayari alikuwa na urefu wa kama sentimita 160. Mwanangu alisimama mbele yake muda mrefu, akajipima bega kwa jicho. Halafu akaninong'oneza, "Mama, huyu ni mdogo kuliko mimi." Tulikaa pale jengoni kwa muda wa saa tatu. Sikutazama saa hata mara moja, nakuapia.

SALIM: Hapo umenigusa. Kwenye orodha yangu makumbusho nimeyapa saa moja.

RUKIA: Mpe anayetaka asubuhi yote, na asiyetaka akae nje kwenye bustani na soda yake. Alasiri ndiyo ikawa matatu. Alitaka nganya ya Rongai, zile zilizochorwa ubavu mzima, na ndani taa za kila rangi na televisheni. Tukapanda mjini, tukaenda mpaka mwisho wa njia, tukashuka tukanunua mahindi ya kuchoma, tukarudi. Muziki ule unausikia kifuani, si masikioni. Mimi niliketi nimeshika kiti, lakini nilimtazama uso wake nikaona safari imefika.

SALIM: Usalama je?

RUKIA: Mchana tu, na kiti cha dirishani simu haitolewi. Wangu mkubwa aliitoa gari limesimama kwenye foleni, mkono ukaingia, ikaenda. Sekunde moja. Tukakaa kimya njia nzima. Picha za ndovu zote zilikuwa humo. Kwa hiyo picha za kila siku mtumiane usiku, zisikae simu moja.

SALIM: Pole. Siku yake huyo mkubwa ilikuwaje?

RUKIA: Ana miaka 17, alichagua kutembea. Asubuhi msitu wa Karura, tukakodi baiskeli langoni, tukafika maporomoko. Alikuwa amesoma shuleni habari za Wangari Maathai, lakini kusimama chini ya miti yenyewe ni kitu kingine. Mama yule mwaka 1999 alikwenda kupanda miti pale msitu usigawanywe viwanja vya kujenga, akapigwa mpaka akatoka damu kichwani. Mwaka 2004 akapewa Nobeli. Binti yangu aligusa mti mmoja akauliza, "Kwa hiyo huu ungekuwa nyumba ya mtu?"

SALIM: Na mjini kati?

RUKIA: Jioni tuliingia mjini. Ijumaa mtasali Jamia, msikiti wa miaka ya 1930, uko katikati kabisa. Kutoka hapo unatembea kwa miguu. Makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie kuna bustani ya kumbukumbu, palipokuwa ubalozi wa Marekani. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na majina yao yameandikwa ukutani. Mimi siku ile nilikuwa msichana, nakumbuka redio ya baba. Wao hawakuwa wamezaliwa. Walisoma majina pole pole, mmoja mmoja, na mimi sikuhitaji kuwaeleza mengi.

SALIM: Mimi pia nakumbuka. Tulitolewa madarasani mapema... Nitawapeleka. Na kijana wangu anapenda treni.

RUKIA: Basi mwambie kuna makumbusho ya reli, si mbali na stesheni ya mjini. Kuna behewa ambamo afisa wa polisi, Ryall, alikesha akimvizia simba pale Kima mwaka 1900. Usingizi ukamchukua, simba akaingia akamtoa. Kijana wa miaka 14 ataliingia behewa lile mara tatu. Lakini lisiwe jambo lako, mtajie tu, aamue mwenyewe.

SALIM: Na chakula? Wangu wanakula kama nzige.

RUKIA: Mtaa wa Eastleigh. Wali, nyama ya ngamia, ndizi kando ya sahani, na binti yako atapata viatu na mabuibui kwa bei ya kuelewana. Mpe nusu siku huko wala usimharakishe.

SALIM: Sasa siku zangu ni nne, watoto wawili. Nigawe vipi?

RUKIA: Mbili zao. Ya tatu ya mama yao, maana naye hajaulizwa.

SALIM: Kweli, sijamuuliza.

RUKIA: Muulize leo. Ya nne acheni tupu. Rudini na treni ya saa 9 alasiri, mkifika Tsavo jua bado halijazama. Sisi tuliporudi, mdogo alibandika uso kiooni tangu Mtito Andei. Kila ndovu aliyemwona alimwita kwa jina la mmoja wa wale ndama wa Nairobi, kwa sauti ndogo, mpaka giza likaingia tukiwa karibu na Voi.